Mama, Nimekubaliwa Kwenda Kusomea Mchwa

Mayu wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii kisha nikanyamaza kidogo, kwa mazoea ya kusubiri marahaba yako, ile ndefu uliyokuwa ukiivuta huku mikono iko kwenye unga. Haikuja, basi naendelea.

Nina habari. Baba anayo, Kulwa anayo, mpaka mwenye nyumba wangu wa Ngokolo anayo na ameshaitangaza mtaa mzima, lakini naona bado sijaitoa kwa sababu sijakupa wewe. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu. Ile ya juu kabisa, Mama, ambayo ukishaimaliza hakuna darasa jingine la kukaa. Na kila kitu kinalipiwa: ada, chumba, chakula, tiketi ya ndege, hata nauli za kurudi nyumbani Kharumwa kufanya utafiti. Chuo kiko mbali, nchi ya baridi. Na unajua nakwenda kusomea nini? Mchwa. Wale wale wa kichuguu chako cha nyuma ya zizi. Cheka kwanza, nitasubiri.

Mimi mwenyewe sijamaliza kushangaa. Naamka asubuhi kwenda kufundisha biolojia, nasimama mbele ya darasa na chaki mkononi, halafu wazo linanijia kwamba kuna watu duniani wamekaa kikao, wakatenga fungu, wakaandika tangazo, ili mtu apate miaka ya kukaa na kuwaangalia mchwa kwa utulivu. Chaki inabaki hewani. Wanafunzi wanadhani nimesahau somo.

Unakumbuka mvua za kwanza, zile zinazokuja baada ya Kharumwa nzima kugeuka vumbi? Siku ikiamka na joto la kubana, ulikuwa unaangalia kichuguu kabla ya kuangalia sufuria. Alasiri unatuita mimi na pacha wangu, unatandaza lile blanketi la kijivu juu ya kichuguu, unachimba kishimo pembeni na kutega ndoo, halafu tunaanza kugonga. Vijiti viwili viwili juu ya ubao, ili waliomo ndani wadhani mvua imefika. Kulwa alikuwa anagonga kama anayetwanga mtama.

"Polepole," ulimwambia. "Hiyo ni mvua ya mawe. Nani atatoka nje kwenye mvua ya mawe?"

Basi tukagonga manyunyu. Na walitoka, Mama! Kwanza mmoja, akachungulia kama mgeni asiyejua kama amefika nyumba yenyewe. Halafu wakafurika, mabawa yanang'aa, wanapanda blanketi na kuteleza kwenye ndoo, na mimi nimesahau kugonga, mdomo wazi. Nilikuuliza wanajuaje kama ni mvua. Ukanijibu bila kugeuka, "Kawaulize."

Hukuwa na maana ya kunipeleka shule. Ulitaka ninyamaze tuwakusanye kabla kuku hawajafika. Jioni ile tulikula kumbikumbi wa kukaanga kwa ugali, na wewe ukawa unamtania Baba kwamba nyama ya zizini ni yake lakini ya kichuguuni ni yako. Ilikuwa kweli. Kila kichuguu pale kijijini kilikuwa na mwenyewe, na kile ulionyeshwa siku chache baada ya kuolewa, kabla hata hujaonyeshwa kisima.

Nilipokuwa chuo, likizo ya kwanza, nilikuja mbio na jambo nililolisoma. Ulikuwa unamenya viazi vya kukausha michembe. Nikakuambia kwamba ule uyoga mkubwa unaoota kwenye kichuguu chako baada ya mvua hauoti wenyewe. Mchwa wanaulima. Wanakata nyasi kavu na miti, wanatafuna, wanatengeneza kitalu huko chini, wanapanda uyoga juu yake na kuutunza, na chakula chao kinatoka humo. Wamekuwa wakulima tangu kabla hakujawa na jembe wala mkono wa kulishika. Ukaweka kisu chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii," ukasema, "nimekuwa naiba shambani kwa watu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini wewe hukucheka sana. Msimu uliofuata Baba aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unachuma uyoga nusu na kuacha mwingine umesimama, na akikuuliza unasema ni wa wenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za bweni, na nikajikuta nakupenda upya, kama nilikuwa sijakujua.

Tangazo lenyewe nililiona kwenye simu, chumba cha walimu, wakati wa chai. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuchunguza udongo na viumbe wake karibu na machimbo ya dhahabu, wanavyoishi mahali ambapo maji ya kuoshea dhahabu yameacha zebaki. Nikalisoma, nikalisoma tena. Nikamwonyesha mwalimu mwenzangu wa jiografia, akaangua kicheko.

"Dada Doto, huo ni utapeli. Mzungu akulipe uangalie mchwa? Kwetu Samuye wamekula paa zima, si tungekuwa matajiri!"

Niliandika maombi kwa juma zima, nikaeleza kichuguu chako: kwamba kiko hai, kwamba ni cha zamani kuliko nyumba, na kwamba mwalo wa kuoshea dhahabu uko bondeni chini yake, karibu mno. Niliandika kwamba jirani na maji yale hata majani yamebadilika rangi, na bado mchwa wanalima.

Wakaniita kwenye usaili, wa kwenye kompyuta. Hapa ndipo utakapocheka kweli. Nilikaa chumbani kwangu, kompyuta juu ya makreti ya soda, nimevaa vizuri kuanzia kiunoni kwenda juu. Wakatokea vijana wawili, tukasalimiana bila shida. Halafu akatokea profesa mwenyewe, mama mtu mzima, nywele nyeupe tupu, uso wa bibi kabisa. Mama, mdomo wangu ukasema shikamoo na magoti yangu yakaenda chini, kama ulivyotulea. Nilipiga magoti sakafuni. Wao huko wakabaki wanaangalia kiti na kalenda.

"Doto, bado upo?" kijana mmoja akauliza.

"Nipo," nikajibu kutoka chini.

Nikajua nimekosa nafasi. Nikainuka, nikawaeleza kwa Kiingereza kilichokauka kwamba kwetu binti hamsalimu mtu mzima akiwa amesimama. Yule mama akauliza, "Na mimi ninatakiwa nijibu nini?" Nikamfundisha. Akaivuta, "Marahaba," vibaya, lakini ndefu kama yako. Akaniuliza kwa nini mchwa, katika vyote vilivyopo duniani. Majibu niliyoyakariri yote yalikimbia, nikasema tu kwamba niliwahi kumuuliza mama yangu swali, akaniambia nikawaulize wenyewe. Akaandika kitu kwenye karatasi yake na hakuniuliza tena swali la namna hiyo.

Jibu lilipokuja nililisoma nimesimama uwanjani, wanafunzi wanacheza mpira, vumbi limetanda. Nimekubaliwa. Lakini kulikuwa na sharti. Familia ithibitishe kwa saini kwamba kichuguu hakitaguswa mpaka utafiti uishe. Kama hatuna eneo la uhakika, nafasi inakwenda kwa mwingine anayefuata. Niliona ni jambo dogo. Nikachukua ruhusa na kwenda Kharumwa na karatasi yangu.

Kulwa alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amekonda. Duara lake la mwaka jana, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilijaa maji, vijana aliokuwa anashirikiana nao wametawanyika, na mkewe amerudi kwao na watoto mpaka hali itengemae. Alinipokea begi, akanipa kiti, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nimeosha udongo wa kichuguu cha Mama. Una rangi."

Rangi, kwa wachimbaji, ni ule mng'ao mdogo wa dhahabu unaobaki chini ya karai udongo ukishaondoka na maji. Unajua wanavyovitazama vichuguu. Mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana, na kama huko chini kuna mwamba wenye mali, punje zake zinafika juu. Ndiyo maana vichuguu vikubwa vya upande wetu vimekwisha vyote. Chako kilibaki kwa sababu ulikuwa unatoka na mwiko kuwafukuza.

Nikamwonyesha karatasi yangu. Akaisoma taratibu, akanirudishia.

"Doto, wewe una kazi. Mimi nina watoto. Mchwa wako wana watoto?"

"Wanao. Wengi kuliko wa kwako."

Tukacheka, Mama, kile kicheko cha pamoja ulichokuwa unasema kinakutia wazimu. Halafu tukagombana kweli kweli. Aliniambia najali wadudu kuliko damu yangu. Nilimwambia atachimba wiki mbili, atatoa vumbi, na kitu kilichosimama tangu babu wa babu kitakuwa shimo la mbuzi kuvunjika miguu. Baba alikaa kwenye kigoda chake akitusikiliza, akatuacha mpaka tukachoka.

"Mama yenu hakuacha neno juu ya kile kichuguu," akasema. "Na mapacha hawana mkubwa wala mdogo. Mmoja akikataa, hakuna kinachofanyika. Hakichimbwi, na karatasi ya chuo haisainiwi. Kubalianeni."

Nilielewa alichosema. Bila Kulwa, sina safari. Nilikwenda kukaa jikoni kwako, pale kwenye mafiga, na nikakulilia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, maana msibani nilikuwa na kazi ya kupokea wageni.

Kesho yake asubuhi Kulwa akaja na sururu na koleo. Akasema hatagusa kichuguu chenyewe. Atachimba pembeni yake tu, aone rangi inakotokea. Kama hakuna kitu, atasaini na yaishe. Nikakubali, roho mkononi, maana ningekataa nini? Nikasimama ukingoni kumwangalia. Nilikuwa sijawahi kumwona pacha wangu akifanya kazi yake. Anachimba vizuri, Mama. Hatumii nguvu ya bure, kila pigo linajua linakokwenda, na kuta za shimo lake zimenyooka kama za nyumba. Shimo lilipomfika kifuani, sururu ikatoboa upande wa kichuguu. Ikaingia mahali patupu.

Akaiweka chini. Akapeleka mkono kwenye lile tundu, akauacha hapo. Uso wake ukabadilika.

"Kuna hewa," akasema. "Inatoka. Njoo uone."

Nikashuka shimoni. Tukasimama tumebanana, tukaweka mikono yetu miwili mlangoni mwa lile tundu, na kweli, pumzi ilikuwa inakuja, ya joto kidogo, yenye unyevu, ina harufu ya uyoga. Kichuguu kilikuwa kinapumua. Nimefundisha jambo hilo ubaoni, nimelichora kwa chaki za rangi, na sikuwa nimelijua hata kidogo mpaka liliponigusa kiganja.

Kulwa akaanza kuniuliza. Hewa inapitaje? Nikamwambia joto lao wenyewe, wako wengi mno, linaisukuma ile chafu ipande, na nyingine inaingia kwenye vitundu vidogo vidogo vya ukutani, vile ambavyo mtu anapita bila kuviona. Hakuna mashine. Matimba je, miti ya kuzuia kuta zisiporomoke? Hakuna. Ni udongo na mate. Wanafika wapi? Nikamwambia wengine wanashuka mpaka kwenye unyevu, mpaka majini. Akageuka.

"Na maji hayawaingilii?"

"Wanayafuata wenyewe. Wanayapandisha juu, kidogo kidogo, kumwagilia shamba."

Nilijua anamfikiria Shija, rafiki yake, yule aliyekuwa anakuja kula kwako na kumaliza mboga. Shija alishuka kwenye duara asubuhi kama siku zote, hewa ya chini ikawa mbaya, na hakupanda tena. Kulwa ndiye aliyekuwa ameshika kamba juu. Hajawahi kulizungumza, hata kwako, na siku ile pia hakulizungumza. Alibaki tu na mkono wake mlangoni, pumzi ile inampiga.

Halafu wakaja. Askari kwanza, wenye vichwa vikubwa, wakasimama kuzunguka tundu wametutazama. Nyuma yao wafanyakazi, kila mmoja na punje ya udongo mdomoni. Anafika, anaibandika ukingoni, anaipaka mate, anarudi ndani, anatokea mwingine. Walikuwa wanaziba. Hakuna aliyekuwa anaamrisha. Tulivunja nyumba yao kwa chuma na wao wakaanza tu kuijenga, punje moja moja, mbele ya macho yetu. Tuliwatazama mpaka jua likatufikia shimoni na shingo zikauma. Tundu lilikuwa limepungua waziwazi. Na kwenye punje moja kitu kikamemeta. Kulwa alikiona, nami nilimwona akikiona.

"Rangi ipo," akasema.

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Mama, wewe wachimbaji ulikuwa unawalaumu kwa matusi yao, lakini hata wewe unaijua ile sheria yao moja. Duara lenye mtu chini haliguswi. Hata kama limekaa juu ya mali yote ya Geita, ukikuta kamba inaning'inia na sauti inatoka huko ndani, unapita na njia yako. Anayevunja hilo hapati tena mwenzake wa kushuka naye popote. Kulwa akachukua koleo.

"Lakini hapa kuna watu kazini," akasema.

Akanisukuma nipande. Akaanza kurudisha udongo, kwa uangalifu kuliko alivyoutoa, na karibu na lile tundu aliweka koleo pembeni akatumia viganja. Alipomaliza alichomeka fimbo yenye kitambaa chekundu, kama wanavyofanya kwenye duara lenye mwenyewe, ili mchimbaji yeyote anayepita ajue. Akanawa mikono, akaingia kwa Baba, akasaini. Nikaanza kumshukuru. Akaniambia niache, nitamfanya abadili mawazo.

Sijui nilieleze vipi hili ninalolisikia. Ninaogopa, na ninafurahi, na juu ya vyote nina mshangao ambao hauondoki. Naogopa baridi ya huko, naogopa kuwa mtu mweusi peke yake maabarani na kusahau maneno. Lakini nikikumbuka ile pumzi kiganjani natulia. Dunia ina vitu vikubwa hivi nyuma ya zizi la ng'ombe, na nimeruhusiwa kuvisogelea.

Lakini siku ile mtu mwingine alikuwa na njaa ya nyumba yake, akaona dhahabu kwa macho, na akaifukia. Hakuna chuo kitakachompa cheti. Nilimwambia asubiri, nikianza kupata posho tutagawana. Akacheka. Wiki ile ile akasikia kuna rashi mpya ya dhahabu upande wa Bukombe, watu wanamiminika, akafunga sururu na kamba nyuma ya bodaboda. Hakutaka nimsindikize.

"Soma ile ya hewa kwanza," aliniambia. "Hayo mengine baadaye. Ukishaelewa wanavyofanya, nipigie, hata kama ni ghali."

Nimemwahidi. Profesa nimemwandikia tayari kwamba sura ya kwanza ya utafiti wangu nataka iwe ya hewa, na akakubali bila kuniuliza sababu.

Wabeja, Mayu. Asante kwa kunibeba, kwa kunifundisha kugonga taratibu, na kwa kunitia hamu bila kujua. Naondoka mwisho wa mwezi. Siku hiyo mimi nitakuwa juu ya mawingu, nimefungiwa mkanda na watu waliosomea kazi yao, na Kulwa atakuwa chini ya ardhi ameshika kamba. Kama huko uliko macho yanatosha kumwangalia mmoja tu, niache mimi. Mwangalie Kulwa.

Mwanao,
Doto